Ghorofa za Kituoni na Mpangaji wa Chumba Kimoja

Abiria aingiaye basi la mwendokasi pale Kimara alfajiri, akajaliwa kiti cha dirishani, bahati iliyo adimu katika saa hiyo, huusoma mji wa Dar es Salaam kwa majina ya vituo kabla hajausoma kwa majengo yake: Korogwe, Bucha, Baruti, Kibo, Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese, Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, Magomeni Mapipa, kisha Jangwani, ambako mto Msimbazi ukifurika wakati wa masika hauna hishima kwa basi wala kwa barabara, na hatimaye Fire, Kisutu, Posta na Kivukoni, ambako bahari huikomesha njia. Pande zote mbili za barabara hiyo, iliyomeza fedha nyingi za umma, ataona fremu za maduka, ghorofa moja moja zilizochomoza hapa na pale, na nyuma yake mapaa ya bati yenye kutu, yaliyobanana tangu Manzese hadi Magomeni. Naye akiwauliza abiria wenziwe waliosimama wakishikilia mabomba wanatoka wapi, wengi watamjibu Mbezi, Kibamba, hata Kibaha, mahali ambako safari ilianza kwa bodaboda na daladala, usiku ungali mkubwa, kabla ya kuifikia hiyo mwendokasi yenyewe.

Hapo ndipo ilipo hoja ya wataalamu wa mipango miji, nayo ni hoja yenye mashiko: kwamba ni israfu kukijenga kituo kwa mali nyingi kisha kukizungusha nyumba za chini, ilhali wanaokihitaji wamelala mbali, na kwamba yafaa ghorofa ziruhusiwe kupanda karibu na kituo, ili wengi wakifikie kwa miguu, nauli ya pili ya daladala ibaki mfukoni, na mji uache kuyala mashamba ya Pwani kila mwaka. Mimi naikubali hoja hiyo kwa nusu. Nusu ya pili, ambayo ni suala la nani atakayelala katika ghorofa hizo, haina budi kujadiliwa sasa, kwa maana awamu ya kwanza ya mwendokasi, yenye urefu wa takribani kilomita 21, imekuwa ikibeba abiria tangu Mei 2016. Ya pili imekwisha kufika Mbagala kwa Barabara ya Kilwa. Na nyingine zinajengwa kuelekea Gongo la Mboto na Tegeta. Kila awamu huja na vituo, na kila kituo huja na bei mpya ya ardhi.

Tuitazame bei hiyo kwanza, maana ndiyo kiini cha mambo yote. Mtu mwenye kiwanja mita mia mbili kutoka kituoni hakuchimba msingi wa kituo, hakulipa mkandarasi, wala hakukopa Benki ya Dunia. Mkopo umechukuliwa kwa jina la taifa zima na utalipwa na mvuvi wa Mafia na mkulima wa Njombe pamoja na yeye. Walakini siku basi la kwanza linapopita, thamani iliyozaliwa na deni la wote huingia katika hati ya mmoja. Sisemi kwamba amekosa. Kupata bahati si jinai. Nasema tu kwamba serikali inapomwongezea mtu huyo bahati ya pili, kwa kumruhusu kujenga ghorofa nane mahali ambapo jana aliruhusiwa moja au mbili, ina haki, na kwa hakika ina wajibu, wa kumwuliza atatoa nini badala yake.

Wala kanuni za ujazo, yaani za idadi ya watu na majumba katika eneo, si jambo geni katika mji huu. Mjerumani, alipoyahamishia hapa makao yake makuu mwaka 1891, alitunga kanuni za ujenzi mwaka huo huo, zilizotenga mahali pa majumba ya namna ya Ulaya na mahali pa nyumba za udongo na makuti. Mwingereza akaja akaikaza desturi hiyo, hata mji ukawa na sehemu tatu ambazo wazee wetu walizitaja bila kificho: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay palikuwa na viwanja vya kupotelea, kila nyumba na bustani yake na kibanda cha boi nyuma. Upanga pakawa pa kati na kati. Na Kariakoo, Ilala na Magomeni watu wakapangwa kwa vyumba. Baada ya Uhuru rangi ya mtu iliondolewa katika kanuni, kama ilivyostahili, lakini vipimo vya viwanja vilibaki, vikaitwa ujazo wa chini, wa kati na mkubwa. Hata leo afisa ardhi akisema kwamba kiwanja fulani ni cha ujazo wa chini, msikilizaji hufahamu mara moja ni cha mtu wa namna gani. Kanuni ya ujazo, kwa hiyo, tangu asili yake haikuwa kanuni ya matofali pekee; ilikuwa kanuni ya nani aishi jirani na nani.

Serikali ya Uhuru ilijaribu mengi. Mwaka 1962 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, likabomoa mabanda mengi na kujenga nyumba za gharama nafuu. Mwaka 1971 ikayataifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikapima viwanja vyenye huduma huko Sinza na Kijitonyama, na ikapitisha barabara na mabomba ya maji Manzese badala ya kuibomoa, uamuzi ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa yale yaliyo bora kabisa katika historia ya mji wetu. Ilikuwapo pia sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyofutwa mwaka 2005. Na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wapatane wenyewe, mapatano ambayo kila mpangaji wa Dar es Salaam anayajua: kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi, na ya mwezi mmoja juu yake kwa dalali, kwa kazi ya kuonyesha mlango.

Sasa na tuingie ndani ya nyumba zenyewe, kwani wengi wanaozihukumu huziona kutoka barabarani tu. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Manzese ni jengo la chini lenye baraza mbele, ukumbi mwembamba unaoipasua katikati kutoka mlango mkubwa hadi uani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na huko uani jiko, choo, bafu, kamba za kuanikia nguo, pipa la maji, na aghalabu vyumba vingine viwili vitatu vya banda, vilivyoongezwa kadiri mwenye nyumba alivyojaliwa tofali. Chumba kimoja kina mpangaji mmoja. Lakini mpangaji huyo mmoja huenda akawa mama lishe na wanawe watatu, au vijana wawili wauzao nguo Kariakoo waliogawana kodi, au fundi cherehani ambaye chumbani mwake mchana hukaa mashine na usiku hulala yeye. Luku ya umeme ni moja, na kila umeme unapokatika huzuka hisabu ya nani ana friji na nani ana pasi. Kama nyumba inaelekea barabara, chumba cha mbele kimetobolewa ukuta kikawa fremu ya kutolea pesa za simu au saluni. Watu wa nyumba hiyo moja huweza kuzidi ishirini.

Kwa hiyo asemaye kwamba eneo la kituo cha Magomeni lina watu wachache kwa sababu lina mabati badala ya ghorofa, amehesabu sakafu akasahau kuhesabu vichwa. Ujazo mkubwa upo tayari, umelala chini. Na wenye kuujaza ni watu wale wale ambao kila mpango wa usafiri duniani hudai kuwahudumia: wasio na gari, wanaokwenda kazini kwa miguu au kwa basi, wanaohesabu nauli kabla ya kuhesabu chakula. Mji mwingine ungetumia mabilioni kuwavuta masikini wake waje kuishi kando ya kituo. Sisi tumejengewa kituo mlangoni mwao.

Fanya hisabu ndogo, msomaji, upate kuona hatari iliko. Chukua kiwanja cha mita za mraba 400, chenye nyumba ya vyumba sita mbele na viwili uani: kaya nane. Sema kanuni mpya inaruhusu sakafu zote za jengo zikijumlishwa zifike mara nne ya ukubwa wa kiwanja, ndizo mita 1,600, na ukitoa ngazi, korido, lifti na tangi, zimebaki mita 1,200 za kuishi. Mwekezaji akizikata fleti za mita 100 kila moja, atapata 12, zenye vyumba vitatu na choo cha ndani, za kuuzwa kwa mwenye mkopo wa benki au mwenye fedha kutoka ughaibuni. Kaya nane zimekuwa kumi na mbili, na kwenye takwimu za mpango huo ni maendeleo, ila katika zile nane hakuna hata moja iliyorudi. Lakini mita hizo hizo 1,200 zikikatwa vyumba vya mita 30, kila kimoja na choo chake na pembe ya kupikia, ni kaya 40. Jengo lile lile, kimo kile kile, kivuli kile kile kwa jirani. Kinachotofautisha ni kile ambacho kanuni imeamua kukihesabu.

Na lipo sharti jingine linaloharibu hisabu hii kimya kimya, nalo ni la maegesho. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeukia, hutaka mita 25 hivi. Ukimlazimisha mjenzi kuweka egesho moja kwa kila kaya, kaya 40 zitadai mita 1,000 za magari, na jengo litakuwa gereji yenye watu juu yake. Naye kwa akili ya kawaida ataona ni nafuu kujenga fleti chache kubwa. Kumtaka mtu ajenge egesho mita mia kutoka kituo cha mabasi, kwa wapangaji ambao hata pikipiki hawana, ni kanuni iliyonakiliwa kutoka mji mwingine bila kusomwa.

Wapo waliotutangulia katika njia hii, nasi tungefaa kusoma ushindi wao na aibu yao kwa pamoja. Mji wa São Paulo, huko Brazil, ulipitisha mpango mkuu mwaka 2014, wakati wa meya Fernando Haddad, uliosema jambo kubwa kwa maneno machache: kwamba kila mwenye kiwanja ana haki ya kujenga sakafu zilizo sawa na ukubwa wa kiwanja chake, na kwamba kinachozidi hapo ni mali ya mji, hivyo akitaka kufika mara nne, kando ya vituo vya treni na njia za mabasi, hana budi kuununua ule uzidifu. Fedha hizo huingia katika mfuko wa mji, na si chini ya asilimia 30 yake hutengwa kununulia ardhi ya nyumba za wenye kipato cha chini. Sharti la maegesho likafutwa. Majengo makubwa yaliyozidi mita 20,000 yakatakiwa kutoa sehemu ya kumi kwa ajili ya nyumba za namna hiyo. Karibu na vituo ghorofa zikachipuka, na hakuna awezaye kusema kwamba kanuni haikufanya kazi.

Ila ikafanya kazi kwa namna ambayo watunzi wake hawakuitazamia. Wajenzi waliopewa misamaha ili wajenge nyumba za masikini walijenga vyumba vidogo kweli, vikaandikwa kwamba ni vya masikini, kisha vikanunuliwa na wenye fedha waliovikodisha kwa siku mbili tatu kwa wageni wapitao. Mambo yakafika kwa waendesha mashtaka na katika baraza la mji, na mwaka 2025 serikali ya mji ikapiga marufuku nyumba za aina hiyo kukodishwa kwa siku chache. Miaka kumi na mmoja ni mingi ya kusubiri kuuliza swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza, yaani ni nani atakayekagua aliyelala ndani. Kanuni ilipima ukubwa wa chumba kwa ustadi, ikamwachia karani apime umasikini kwa karatasi.

Kisa cha California, ambacho magazeti ya Marekani yamekishangilia sana, hakitufai kwa kadiri hiyo. Gavana Gavin Newsom alitia saini Oktoba 2025 sheria ya seneta Scott Wiener, aliyeipigania kwa sura mbalimbali tangu mwaka 2018, inayoruhusu majengo ya ghorofa kadhaa ndani ya nusu maili ya vituo vikubwa, hata pale ambapo halmashauri ya mahali inakataa. Ugonjwa wa kule ni wenye nyumba za bustani wanaozuia ghorofa zisisimame karibu nao. Hapa kwetu nani anayezuia ghorofa? Mwenye nyumba anaiombea, diwani anaipigia makofi, na mwekezaji amekwisha kuja na mchoro. Dawa ya mtu aliyefungwa haja si ya kumpa mwenye tumbo la kuendesha.

Karibu zaidi nasi ni Nairobi, na hapo nataka kusema jambo ambalo wengi watalichukia. Mtaa wa Pipeline, huko Embakasi, ni msitu wa ghorofa za watu binafsi, za chumba kimoja kimoja, zilizosogeleana hata baadhi ya vyumba vya chini mchana huwashwa taa, na jirani wa jengo la pili aweza kukupa chumvi bila kushuka ngazi. Wataalamu huutaja kama onyo. Nao ni onyo kweli, kwa habari ya hewa, mwanga, maji na njia za kukimbilia moto. Lakini waliojenga Pipeline hawakupata ruzuku hata ya senti, na bado wamewapa paa, karibu na viwanda na barabara kuu, watu wengi ambao hakuna mradi wowote wa serikali uliowafikia. Sheria ya Kenya ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024 humkata mwenye mshahara asilimia 1.5, na mwajiri wake akaongeza kiasi hicho hicho; imewagawa watu kwa kipato, wa kwanza wakiwa ni walio chini ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi. Ni nia njema. Ila mpangaji wa Pipeline, akikatwa kila mwezi ili siku moja anunue fleti, hana hakika kama siku hiyo itamkuta hai. Anachokijua ni kwamba jioni hii ana chumba. Ningekuwa na amri, nisingeivunja Pipeline. Ningeandika kanuni ya umbali kati ya jengo na jengo, dirisha linalofunguka kwenye hewa na si kwenye ukuta, ngazi mbili badala ya moja, kisha nikawaachia wajenzi wale wale waendelee.

Turudi Magomeni, kwani upo ushahidi wa kwetu wenyewe. Magomeni Kota, nyumba za umma zilizojengwa zama za ukoloni, zilibomolewa kwa ajili ya mradi mpya ambao ukakwama, na kaya 644 zikatawanyika mjini zikiwa na karatasi za ahadi, nao uwanja ukajaa majani. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika hapo, akaagiza nyumba zijengwe kwa fedha za serikali, na akaahidi kwamba wakazi wale wangerudi na kukaa miaka mitano bila kodi. Wakala wa Majengo akasimamisha ghorofa, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazifungua. Hapo ni hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi. Ghorofa zimesimama, orodha ya walioondolewa ikaheshimiwa, na wenyewe wakarudi. Atakayesema kwamba haiwezekani kuongeza ghorofa kituoni bila kumfukuza mkazi, na aende akatazame.

Yapo ya kuzingatia, hata hivyo. Ilichukua takribani muongo mmoja, na katika muongo mmoja mzee hufa na mtoto huwa mtu mzima akiwa katika chumba cha kupanga cha mbali. Na iliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma na wakazi walikuwa wameandikwa. Manzese hakuna orodha. Mpangaji wa chumba cha uani hana mkataba wa maandishi, au anao wa kurasa mbili alioupoteza; mwenye nyumba mwenyewe huenda ana leseni ya makazi tu, au nyumba ni mirathi ya ndugu saba wasiosemezana. Mwekezaji akija na ubia wa namna ya Kariakoo, yaani nipe kiwanja nikujengee, wewe chukua sakafu mbili mimi nichukue sita, warithi wale saba hupatana kwa mara ya kwanza maishani mwao, na wapangaji hupewa notisi. Sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo imewalinda vizuri wagawanaji wa sakafu. Waliokuwa vyumbani hawamo katika mgawo.

Ubungo napo pana funzo, ijapokuwa la kusikitisha kidogo. Stendi ya zamani ya mabasi ya mikoani, iliyohamishiwa Mbezi Louis mwaka 2021, iliacha eneo kubwa la wazi jirani kabisa na kituo kikuu cha mwendokasi, ardhi ambayo mpangaji wa mji angeiota usingizini. Pakajengwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichofunguliwa mwaka 2025. Sina ugomvi na biashara. Mji wa bandari unaishi kwa biashara. Lakini juu ya maduka hewa ilikuwa bure, na katika hewa ile wangeweza kulala maelfu ya watu ambao kesho yake wangekuwa wauzaji na wachukuzi wa maduka hayo hayo, bila kupanda basi hata moja. Ardhi ya umma iliyogusana na kituo ni haba mno, na ikishatolewa kwa mikataba ya miongo hairudi.

Basi kanuni ninayoitaka si ndefu. Ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituoni, mwenye kiwanja aruhusiwe kupanda juu, kwa moyo mkunjufu, maadamu jengo lake jipya lina vyumba vya kupangisha visivyopungua idadi ya vile alivyobomoa, kwa kodi itakayopandishwa kwa kipimo kilichoandikwa, na wapangaji wa zamani wakiwa wa kwanza kuitwa. Sharti hilo liandikwe katika hati yenyewe, lisifutike jengo likiuzwa, na lidumu kwa miaka isiyopungua thelathini. Atakayetaka kupanda zaidi ya hapo anunue ghorofa za ziada, na fedha zake zinunue ardhi kando ya vituo vijavyo kabla bei haijapaa. Egesho liwe hiari. Vyumba vidogo viruhusiwe, ila dirisha, maji na ngazi za dharura visiwe vya kujadiliwa. Na orodha ya wapangaji iandikwe sasa, na mjumbe wa nyumba kumi na serikali ya mtaa, kabla ya kibali kuombwa, maana baada ya kibali hupatikana wapangaji ambao hawakuwahi kuwapo.

Nalo suala la usalama lisipuuzwe na sisi tunaoshangilia ghorofa. Ghorofa lilianguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wakati wafanyabiashara wakiwa ndani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Na mwaka 2013 lilikuwa limeanguka jingine la ghorofa kumi na sita katika Mtaa wa Indira Gandhi, likaua 36. Halmashauri isiyoweza kukagua nondo za jengo la ghorofa nne isitoe vibali vya ghorofa kumi. Kwanza iajiri wahandisi.

Watakaonipinga watasema kwamba masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Baadhi yao watakwenda, ni kweli. Lakini kiwanja cha kando ya kituo hakiendi popote, na mwenye kukijenga kwa vyumba 40 vyenye wapangaji kila mwezi hana hasara, kama walivyoonyesha wale wa Pipeline bila kufundishwa na mtu. Anayekosa hapa ni mtu wa fleti za kuuza na kuondoka, naye si mtu ambaye reli na barabara za taifa zilijengwa kwa ajili yake.

Madiwani wa Temeke, wanaoitazama Barabara ya Kilwa ikibadilika, na wenzao wa Kinondoni, Ubungo na Jiji, watakapoletewa michoro ya ghorofa za kando ya vituo wasiulize kwanza zina urefu gani. Waulize jengo litakalobomolewa lina vyumba vingapi, nani analala ndani yake leo, na jina lake limeandikwa wapi. Mchoro usio na majibu ya maswali hayo urudishwe kwa mwenyewe bila muhuri.